Mwalimu Jhoon Rhee na kanuni niliyoing'oa ukutani

Mwaka 2017, katika ukuta wa ukumbi wa shule ya msingi ninamofundishia taekwondo jioni hapa Dodoma, nilibandika karatasi yenye kanuni moja: mwanafunzi ambaye wastani wa alama zake shuleni haufiki B hatafanya mtihani wa mkanda mweusi, hata mateke yake yawe mazuri kiasi gani. Wazazi waliipenda mno. Mama mmoja aliniambia kwamba kwa karatasi ile peke yake angemleta na mtoto wake wa pili, na kweli alimleta wiki iliyofuata. Kanuni hiyo haikuwa yangu. Niliichukua bila kuipima kutoka kwa Mkorea aitwaye Jhoon Rhee, aliyefundisha taekwondo mjini Washington kwa miongo mingi, na ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Nataka kuandika juu ya maisha yake ya ualimu na namna alivyofundisha, kwa sababu karibu kila ninachofanya ukumbini kina alama ya mkono wake, na kwa sababu kanuni hiyo moja ilinibidi niing'oe.

Jina lake nililisikia kwanza kwa mwalimu wangu mwenyewe, Mkorea aliyekuja kujitolea na kukaa nasi miaka miwili. Tulimwita Sabumu, neno ambalo Wakorea humwitia mwalimu wa sanaa hii kwa heshima. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, lakini alipotaka kutueleza kwamba mtu mmoja mwenye mwili mdogo anaweza kuibeba sanaa ya nchi yake hadi ng'ambo, alitutajia Jhoon Rhee. Alipoondoka nilibaki na wanafunzi tisa, maturubai mawili na jina hilo, nikaanza kulisoma.

Rhee alizaliwa tarehe 7 Januari 1932 huko Asan, wakati Korea ikiwa chini ya utawala wa Wajapani. Ukoloni huo ulipokwisha mwaka 1945 alikuwa kijana mwembamba wa miaka kumi na mitatu, na katika miaka iliyofuata akajiunga na Chung Do Kwan, shule iliyoanzishwa Seoul mwaka 1944 na Lee Won Kuk. Wakati huo jina la taekwondo lilikuwa halijakuwepo. Kila shule ilikuwa na mapokeo yake na namna yake ya kuiita kazi yake, na ni mwaka 1955 tu ndipo jina hilo lilipochaguliwa ili kuziunganisha: *tae* ni mguu, *kwon* ni ngumi, *do* ni njia. Nawakumbusha wanafunzi wangu jambo hili kila mara, kwa sababu wengi wanadhani sanaa hii ina jina moja tangu zama za wafalme, na wakijua kwamba ni changa kuliko babu zao wanaona kwamba nao wana nafasi ya kuiongezea kitu.

Mwaka 1956 alipelekwa Texas na jeshi la nchi yake kwa mafunzo ya ufundi wa ndege. Alirudi nyumbani, kisha akaenda tena Texas, safari hii kama mwanafunzi wa chuo katika mji wa San Marcos, na baadaye akasomea uhandisi huku akifundisha wanafunzi wenzake mateke. Mwaka 1962 aliuacha uhandisi, akahamia Washington na kufungua shule yake. Wamarekani wa wakati ule hawakulijua neno taekwondo, walijua karate tu, kwa hiyo kwa muda alilazimika kuiita kazi yake karate ya Kikorea ili watu waelewe anauza nini. Nilipolisoma hilo nilifarijika. Hapa kwetu, kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu, mtoto akionekana na sare nyeupe ataulizwa kama anatoka karate, na kwa miaka mingi nilikuwa nikikasirika na kuanza kutoa darasa barabarani. Siku hizi namwambia mtu, "Ndiyo, ni aina yake, karibu uone," na akishafika ndipo namwonyesha tofauti.

Kuna tukio la mwaka 1964 ambalo kwangu linaeleza ualimu wake kuliko mashindano yoyote. Katika mashindano ya karate huko Long Beach, California, alikutana na Bruce Lee, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minane na ambaye umma wa Marekani ulikuwa haujamjua bado. Wakawa marafiki, wakafundishana: Rhee akampa mateke ya Kikorea, Lee akampa ngumi ya haraka ambayo Rhee aliifanyia kazi na, katikati ya miaka ya 1970, akamfundisha Muhammad Ali. Mtu aliyekuwa na shule yake na wanafunzi waliomwinamia kila jioni alikubali kuwa mwanafunzi wa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mimi nimefanya kazi na walimu wa sanaa za mapigano katika mikoa kadhaa, na najua jinsi hilo lilivyo gumu: wengi wetu tukishafunga mkanda mweusi tunaogopa kuonekana tukikosea, na kwa woga huo tunaacha kujifunza.

Mwaka uliofuata, 1965, alianza kuwafundisha wabunge na maseneta wa Marekani katika jengo lao lenyewe. Mbunge mmoja wa jimbo la New Hampshire, James Cleveland, alikuwa ameporwa na kupigwa mitaani, na Rhee aliposikia habari hizo akamtafuta na kumweleza kwamba angeweza kumfundisha kujilinda. Darasa hilo likaendelea kwa miongo kadhaa, na wajumbe zaidi ya 250 wa Bunge la Marekani walipita mikononi mwake, wa vyama vyote viwili, wengine wakiwa na umri wa kuitwa babu.

Mkazi wa Dodoma hawezi kulisoma hilo bila kuangalia pembeni yake. Mji wetu ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini ni baada ya 2016 ndipo watumishi wa serikali walipohamia kwa wingi, na baadhi yao wakaanza kuja ukumbini kwangu wakitafuta mazoezi baada ya siku nzima ya kukaa kitini. Hapo ndipo nilipokutana na tatizo ambalo Rhee bila shaka alikutana nalo kwa sura nyingine. Katika taekwondo watu hujipanga mstari kwa mkanda: mwenye mkanda wa juu husimama mbele kulia, anayeanza husimama nyuma kushoto. Jioni moja mkurugenzi wa idara, mtu mwenye dereva anayemsubiri nje, alijikuta amesimama nyuma ya binti wa darasa la tano mwenye mkanda wa kijani, na nilipowagawa wawiliwawili ilikuwa zamu ya binti huyo kumrekebisha mzee mguu. Binti akaniangalia, akamwangalia mzee, akashindwa kusema neno. Malezi yetu hayamruhusu mtoto kumwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba amekosea.

Sikutaka kuyavunja malezi hayo, na sikutaka kuuvunja mstari. Tulichokubaliana baada ya majaribio kadhaa ni kwamba shikamoo inatolewa kabla ya kukanyaga turubai, na marahaba inajibiwa hapohapo. Mguu ukishakanyaga turubai, salamu ni ile ya kuinama kwa Kikorea, ambayo kila mmoja humwinamia mwenzake sawasawa. Mazoezi yakiisha, watoto wanawaaga wakubwa kama walivyowasalimu. Mkurugenzi yule alikuwa wa kwanza kuitetea desturi hiyo. Alimwita binti "Mwalimu" mbele ya wote, akainama, akaomba aonyeshwe tena namna ya kuzungusha mguu wa nyuma kabla ya teke kutoka, na tangu siku hiyo hakuna mtu mzima aliyeleta ubishi juu ya mahali pa kusimama.

Vifaa vya kujikinga navyo vina historia inayomhusu Rhee. Kabla ya miaka ya 1970, wapiganaji wa mashindano ya Marekani walitakiwa kusimamisha ngumi au teke lao kabla halijagusa mwili wa mpinzani, kwa hiyo mwamuzi alikuwa akikisia kama pigo lingefika au lisingefika. Na pale walipogusana kweli, walivunjika meno na mashavu. Mwanzoni mwa muongo huo Rhee alitengeneza kinga za mikono, miguu na kichwa kwa sponji iliyofunikwa mpira laini, na mchezo mzima ukabadilika, kwa sababu mtu aliweza kugusa bila kujeruhi. Leo, katika taekwondo ya Olimpiki, kinga ya kifua ina vitambuzi vya kielektroniki: teke la kifuani ni alama 2, la kichwani ni 3, na ukizunguka kabla ya kupiga unaongezewa. Vifaa hivyo ni ghali mno kwetu. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi sofa mmoja wa Majengo, nikamchorea umbo la kinga ya kifua, naye akaishona kwa vipande vya magodoro na kitambaa cha turubai. Ya kwanza ilikuwa nzito kama gunia la mtama na ilimfunika mtoto hadi magotini. Ya nne ilitufaa, na tunaitumia mpaka sasa.

Jambo ambalo lilinishangaza zaidi kwa Rhee ni muziki. Katika taekwondo kuna pumse, yaani mfululizo uliopangwa wa hatua, kinga (hapa ni mkono unaozuia pigo, si kile kifaa) na mapigo ambao mwanafunzi anaufanya peke yake dhidi ya wapinzani wasioonekana. Rhee alitunga mifululizo yake mwenyewe na kuiweka kwenye muziki wa Beethoven, na kuna watu wa sanaa hii waliomwona kama ameidhalilisha kwa kuigeuza dansi. Nami niliwahi kuwaza hivyohivyo, mpaka nilipojaribu. Wanafunzi wangu wana ugonjwa mmoja wa kudumu: wanakimbia. Wakianza pumse wanataka kufika mwisho, na kinga ya chini inamezwa na ngumi inayofuata kabla haijakamilika. Nilikuwa nikipaza sauti, "Polepole, malizia!" hadi koo likakauka, bila mafanikio. Kisha mzazi mmoja, Mgogo wa Mvumi ambaye amepiga ngoma za muheme tangu ujana wake, alikubali kuja na ngoma yake Jumamosi moja asubuhi. Aliwatazama watoto wakifanya pumse mara mbili bila kupiga chochote. Mara ya tatu akaanza kupiga, pigo moja zito kwa kila hatua na mapigo mepesi mawili ya kusubiri, na watoto walewale walionishinda kwa mwaka mzima walisubiri. Mtoto aliyelelewa na ngoma hawezi kuiruka. Aliyewahi kunyanyua mguu kabla ya pigo alijiona mwenyewe na akaurudisha, bila mimi kusema. Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa Rhee: muziki kwake ulikuwa njia ya kumfanya mwanafunzi ayasikie makosa yake mwenyewe, ili mwalimu asilazimike kuyatamka yote.

Alijidai mwenyewe kabla ya kuwadai wengine. Hata alipokuwa mzee alijulikana kwa kupiga pushapu elfu moja kwa siku, na alikuwa akizionyesha mbele ya hadhira zilizomzidi ujana. Baada ya 1991 alifungua shule katika nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti, akiwa ameshafikisha miaka sitini, umri ambao kwetu mtu anaanza kuhesabu mafao. Alifariki tarehe 30 Aprili 2018 huko Arlington, Virginia, akiwa na miaka 86.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya ukutani. Rhee aliamini kwamba mwili usifundishwe peke yake. Alitaka mwanafunzi awe na nguvu mwilini, uaminifu moyoni na maarifa kichwani, na alieleza furaha kama mnyororo: mtu akiwa mkweli moyo wake unakuwa mzuri, moyo ukiwa mzuri watu wanampenda, na anayependwa ana furaha. Kwa imani hiyo alidai kwamba anayetaka mkanda mweusi awe na wastani wa B shuleni. Mimi niliinakili herufi ile kama ilivyo. Sikujiuliza hata swali dogo la hesabu, kwamba B ya Marekani na B ya sekondari zetu, ambayo huanzia alama 65, hazipimwi kwa mizani moja, wala hazipatikani katika madarasa ya aina moja.

Mwaka 2021 nilikuwa na kijana wa kidato cha pili, mkaazi wa Nkuhungu, aliyekuwa ameanza nami akiwa shule ya msingi. Teke lake la pembeni lilikuwa safi kuliko langu. Pumse zote nane za Taegeuk alizijua, na ile ya Koryo, ambayo ni ya mkanda mweusi, alikuwa ameshaianza. Ripoti yake ya shule ilijaa D, na hisabati ilikuwa F. Nilimwita pembeni, nikamwonyesha karatasi ukutani, nikamwambia kwamba hatakuwamo katika orodha ya mtihani. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akainama, akaondoka. Hakuja kesho yake, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Nilijiambia kwamba nidhamu imemshinda. Nilithubutu hata kuwatolea wengine mfano wake.

Baada ya miezi mitano bibi yake alikuja ukumbini. Nilimpa kiti, nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, bibi," akaitikia na kukaa kimya akiwatazama watoto wakipasha misuli moto. Kisha akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu alikuja kwako miaka mitano. Alikosa siku ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilifungua madaftari ya mahudhurio, yote, tukahesabu pamoja, mimi nikisoma na yeye akikunja vidole. Katika miaka mitano alikuwa amekosa siku kumi na moja. Bibi akaniambia kwamba kijana huamka saa kumi usiku kwenda kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa mboga sokoni, kisha ndiyo anakwenda shule, kisha anakuja kwangu, na kwamba taa ya nyumbani haiwashwi kila siku. Akauliza, "Sasa huyo ndiye umemwona mvivu?"

Nilikuwa nimeutafuta ushahidi wa nidhamu katika ripoti ya shule, wakati ushahidi huo nilikuwa nao katika daftari langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Rhee aliichagua alama B kwa sababu mbele yake walikuwepo watoto ambao kwao B ilikuwa matunda ya juhudi. Mbele yangu alikuwepo mtoto ambaye juhudi yake ilizaa siku kumi na moja za kukosa katika miaka mitano, na mimi nikamhukumu kwa mizani ya mtu mwingine. Nasema hili bila kumshusha Rhee hata kidogo. Kosa lilikuwa langu, la kuichukua kanuni na kuliacha jicho lililoizaa.

Niliing'oa karatasi jioni ileile. Kanuni tuliyo nayo sasa haikubandikwa popote, kwa sababu bado tunaibadilisha kila tunapoona imemwonea mtu. Mwanafunzi huleta madaftari yake ya shule kila Ijumaa. Hatuangalii herufi aliyopata, tunaangalia kama somo lililomshinda muhula uliopita limesogea, hata kwa alama tano. Saa moja ya mwisho ya Ijumaa hatupigi teke: tunakaa juu ya turubai chini ya taa za ukumbi, na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaofanya mazoezi nasi huwasaidia wadogo hisabati na fizikia. Nilidhani wazazi wangelalamika kwamba wanalipia taekwondo na watoto wanafanya hesabu. Mpaka sasa hakuna aliyelalamika. Walimu wenzangu wawili waliniambia kwamba nimelegeza kamba, na sikubaliani nao, kwa sababu kumfikisha mtoto kutoka F hadi D kumenidai mimi na yeye kazi kubwa kuliko kumsubiri aje na B aliyoipata kwingine.

Kijana wa Nkuhungu nilimfuata mwenyewe sokoni, alfajiri, nikamwomba radhi akiwa na gunia la kabichi begani. Alirudi mwaka uliofuata. Miguu ilikuwa imekakamaa na Koryo alikuwa ameisahau yote, tukaanza upya kutoka hatua ya kwanza. Alipofika kidato cha nne aliniomba mwenyewe ruhusa ya kusimama mazoezi kwa miezi mitatu ajiandae na mtihani wa taifa, na hisabati akapata D. Sasa ndiye anayewapokea wadogo kabla sijafika. Juzi nilichelewa kwa sababu ya mvua, nikasikia sauti yake tangu getini akihesabu moja hadi tatu kwa Kikorea, "hana, dul, set," na baada ya "set" akanyamaza, akisubiri mtoto mmoja wa nyuma kushoto ambaye alikuwa hajamaliza kinga yake ya chini. Mtihani wake wa mkanda mweusi ni Desemba.